Mbona Mitambo Huzimwa Siku Isiyo ya Magaidi?

Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ambayo Wakenya walikuwa wakipokea habari za kifo cha Raila Odinga kutoka India, Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kipengele kimoja kinaipa kamati ya kitaifa inayoratibu vita dhidi ya uhalifu huo uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe ikibainika kuwa inaendeleza shughuli haramu, ugaidi au itikadi kali za kidini. Ndani ya wiki moja Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha kwa muda vifungu vingine vya sheria hiyo, vile vinavyohusu unyanyasaji wa mtandaoni, na tangu hapo mjadala umegawanyika kama kawaida yetu: huku wanaosema usalama kwanza, kule wanaosema uhuru kwanza. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimejikita katika swali lisilo lenyewe. Zote zinachukulia kwamba serikali ikifunga mitandao inapata usalama zaidi, kisha zinabishana kama bei yake inafaa. Ninachosema ni kwamba haipati. Siku ya shambulio silaha ya kwanza ya serikali ni neno lake, na neno hilo lina nguvu tu kama aliyeko ndani ya jengo, aliyeko nje na aliyeko kijijini mwenye ndugu yake mle wataliamini papo hapo. Imani hiyo haitengenezwi siku ya shambulio. Hujengwa au kubomolewa siku za kawaida, hasa siku za maandamano, na kwa miaka mingi sasa tumekuwa tukiibomoa kwa jina la usalama wenyewe.

Kujua fikra ya kufunga ilikotoka, turudi asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Askari waasi wa Jeshi la Wanahewa waliiteka Sauti ya Kenya, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumwamuru atangaze kuwa serikali ya Moi imepinduliwa. Saa kadhaa baadaye wanajeshi watiifu wakakikomboa kituo, na sauti ile ile ya Mbotela ikawaambia wananchi kuwa serikali ya Nyayo ingali madarakani. Redio ilikuwa moja, na aliyeishika kwa nusu siku alionekana ameishika nchi. Maafisa waliopanda vyeo baada ya hapo walijifunza somo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la kweli kabisa: linda mitambo, chagua maneno, mwananchi atasubiri taarifa ya saa moja jioni. Runinga ya kwanza ya kibinafsi, KTN, haikuja hadi 1990. Kwa hiyo kizazi kizima cha wakuu wa usalama kilikulia katika nchi ambayo jambo likinyamaziwa na serikali, lilikuwa kama halijatokea.

Nchi hiyo haipo tena, na si jana iliyotoweka. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, mara baada ya Mwai Kibaki kuapishwa, Waziri wa Usalama wa Ndani John Michuki alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ghasia hazikungoja ruhusa ya runinga. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa tayari umechukua nafasi, mwingine ukionya, mwingine ukichochea, na hakukuwa na sauti ya kuaminika ya kuutenganisha huu na ule. Muda mfupi baadaye Wakenya wachache wenye ujuzi wa kompyuta walianzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa watu wa kawaida kwa simu na barua pepe. Wengi tunajivunia Ushahidi kama uvumbuzi wetu, na ni haki yetu, lakini tusisahau kuwa ulizaliwa kwa sababu serikali ilikuwa imezima taa.

Miaka minne baadaye uwanja ukawa Twitter. Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, msemaji wa jeshi Meja Emmanuel Chirchir alikuwa miongoni mwa wasemaji wa kwanza wa kijeshi Afrika kuendesha mawasiliano ya vita kwa ukurasa wake. Ulikuwa ujasiri, na ninaupongeza. Mwezi wa Desemba al-Shabaab, wanamgambo wa Somalia tuliokwenda kupigana nao, nao wakafungua ukurasa wao wa Kiingereza, fasaha na wenye kejeli. Januari 2012 Meja Chirchir alisambaza picha akisema ni ya Mkenya aliyepigwa mawe na wanamgambo, kumbe ilikuwa picha ya tukio la Somalia la miaka kadhaa nyuma. Al-Shabaab walimkosoa hadharani, na kwa jambo hilo moja walikuwa wamesema kweli. Hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Kundi la wauaji lilipewa nafasi ya kumsahihisha msemaji wa jamhuri, na likathibitika sahihi mbele ya dunia.

Bei ilijulikana al-Shabaab waliposhambulia Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi. Nilikuwa Nairobi Jumamosi ile ya tarehe 21 Septemba 2013, nimekaa kwenye kibanda cha chai tukitazama runinga ndogo ukutani, na ninachokikumbuka hadi leo ni jinsi kila mtu alivyokuwa akiisikiliza taarifa ya serikali huku macho yake yako kwenye simu. Kwa siku nne taarifa zilipishana. Tuliambiwa washambuliaji ni kati ya kumi na kumi na tano. Baadaye ikabainika walikuwa wanne. Waziri wa Mambo ya Nje aliiambia runinga ya Marekani kuwa miongoni mwao kuna Wamarekani wawili au watatu na mwanamke Mwingereza, ilhali waziri mwenzake wa usalama wa ndani, Joseph ole Lenku, alisema wote ni wanaume, ila baadhi wamevaa nguo za kike. Moshi mzito ulipopanda tukaelezwa kuwa magaidi wamechoma magodoro. Tarehe 23 wizara iliandika kuwa jengo limedhibitiwa, na milio ya risasi ikaendelea kusikika kwenye runinga zilizokuwa zikisoma taarifa hiyo. Watu 67 walikufa kwa hesabu rasmi. Al-Shabaab walikuwa wakiandika Twitter muda wote huo. Ukurasa wao ulifungwa, wakafungua mwingine, ukafungwa tena, wakafungua tena. Uongo wao ulikuwa mwingi. Lakini mtu aliyekuwa kwenye kibanda kile hakuwa na namna ya kuupima, kwa sababu kipimo chenyewe, taarifa ya serikali, kilikuwa kimevunjika mkononi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kamera za usalama za jengo zilionyesha wanajeshi wakitoka na mifuko ya duka la Nakumatt. Jeshi lilisema ni maji. Inspekta Jenerali wa Polisi David Kimaiyo aliwatishia kuwakamata wanahabari waliorusha picha hizo. Kabla ya Oktoba kwisha jeshi lenyewe likatangaza kuwa wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi. Ebu tufikirie mpangilio wa mambo hayo: kanusho, kitisho, kisha kukiri. Kama jeshi lingeanza na hatua ya tatu, lingejulikana kama jeshi lenye nidhamu linalowaadhibu watovu wake. Badala yake wananchi walifundishwa kuwa neno la kwanza la serikali ni la kuvuta muda tu, na simu na kamera ndizo zitakazoleta neno la pili.

Naona hili lilizidi kuwa sugu kwenye shambulio la El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu katika eneo la Gedo, Somalia, ilivamiwa alfajiri na kutekwa. Hadi leo serikali haijatoa idadi rasmi ya waliokufa. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja karibu wanajeshi 200; Kenya ikakanusha bila kuweka idadi yake mezani. Waziri wa usalama wa ndani Joseph Nkaissery alionya kuwa kusambaza picha za maiti za wanajeshi ni kosa la jinai, na mwanahabari mmoja akakamatwa kwa maandishi yake ya mtandaoni. Nakubali kabisa kuwa picha zile zilikuwa chafu na kwamba waliozipiga walizipiga ili kutuumiza. Lakini ni nani aliyezifanya ziwe ndiyo taarifa pekee iliyopatikana? Kulikuwa na familia zilizokuwa zikikodolea macho picha za al-Shabaab zikitafuta uso wa mtoto wao, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa kimya. Adui aliachiwa aandike tanzia za wanajeshi wetu, jambo ambalo hata kwa nguvu za kijeshi asingeliweza.

Sasa niupe upande wa serikali haki yake, maana una hoja nzito. Hoja yake nzito kuliko zote ni ya operesheni. Munich mwaka 1972, wakati wa Olimpiki, kamera za runinga ziliwaonyesha polisi wakipanda juu ya paa kujiandaa kuwaokoa mateka wa Israeli, na watekaji walikuwa na runinga chumbani. Mumbai mwaka 2008, waliowatuma washambuliaji walikuwa Pakistan wakitazama matangazo ya moja kwa moja na kuwaelekeza vijana wao kwa simu mahali makomando walipo. Mahakama ya Juu ya India baadaye ilizilaumu runinga kwa uzito mkubwa. Mtu aliyejificha chini ya meza ya mkahawa anaweza kufa kwa sababu ndugu yake ameandika mtandaoni kuwa yuko chini ya meza. Ipo pia hoja ya familia: mzazi wa mwanajeshi anastahili kuambiwa na afisa aliyefika mlangoni, si na kundi la WhatsApp. Anayedai kuwa kila kitu kisemwe saa ile ile hajawahi kujifikiria akiwa mateka. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatambua kuwa usalama wa taifa ni sababu halali ya kuzuia taarifa fulani kwa muda fulani.

Basi kama hoja ya operesheni ndiyo inayoisukuma serikali, tungetarajia mitambo izimwe siku za operesheni. Hebu tutazame rekodi. Mitambo au matangazo mubashara yalipigwa marufuku Desemba 2007, baada ya uchaguzi. Yalizimwa tena tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park. Citizen, NTV na KTN zikakaa gizani kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zirudishwe. Yakazimwa tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa wakiwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoviamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja na mitambo ya NTV, KTN na K24 ikakatwa, hadi mahakama ilipoingilia siku hiyo hiyo. Westgate haikuzimiwa mitambo. Hoteli ya DusitD2, iliyoshambuliwa Nairobi mwaka 2019, haikuzimiwa mitambo. Siku ambazo kamera zingeweza kweli kumuua mateka, serikali ilitegemea kuwaomba wanahabari wawe waangalifu. Siku ambazo kamera ziliwaonyesha polisi na raia barabarani, ilitumia mkono wa chuma. Kwa rekodi hiyo sioni jinsi mtu atakavyonishawishi kuwa uwezo mpya wa kufunga tovuti utawekewa akiba kwa ajili ya magaidi.

Hapo ndipo watetezi wa sheria hurukia hoja yao dhaifu kuliko zote: kwamba wananchi wakiona watataharuki, kwamba picha ndiyo inayozaa ghasia, na kwamba ukimya hutuliza. Juni 2024 unaijibu. Tarehe 25, Bunge lilipovamiwa wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha na watu kupigwa risasi, intaneti ilitatizika nchini siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kuahidi kuwa haitafungwa. Kampuni za simu zikataja hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Rais alihutubia taifa usiku huo akizungumzia uhaini na wahalifu, na jeshi likaitwa. Tarehe 30 Juni, katika mahojiano ya runinga, alisema waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chombo cha kikatiba kinacholipwa na kodi hiyo hiyo, ikasema 39. Je, tofauti ile iliwatuliza vijana? Iliwapa sababu ya kurudi barabarani wakiwa na uhakika kuwa wenzao wanafichwa. Karibu mwaka mmoja baadaye waandishi wa BBC walizipanga picha na video za simu za siku ile, fremu kwa fremu, wakawatambua baadhi ya waliofyatua risasi nje ya Bunge. Taharuki huja pale mtu anapoona kwa macho yake jambo moja na kusikia jingine kutoka kwa anayepaswa kumlinda.

Majirani zetu wametoa mfano wa hivi karibuni, na unauma kuuandika. Tanzania ilizima intaneti siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na giza likadumu kwa takriban siku tano. Iliporejea, video zilizokuwa zimehifadhiwa simuni zilimwagika kwa pamoja, nyingine za kweli, nyingine za mahali pengine na miaka mingine, na polisi wakatuma ujumbe kwa wananchi kuwaonya wanaozisambaza. Upinzani ulitaja mamia ya vifo. Serikali ilisema hesabu hiyo imetiwa chumvi lakini wakati huo haikutoa yake. Mtu wa Mwanza au Mbeya aliyetaka ukweli hakuwa na mahali pa kuukuta ila kwa yule aliyemfikia kwanza.

Lipo jambo moja linaloniogopesha zaidi ya yote haya, na ndilo wanaharakati wenzangu hawalipi uzito unaostahili. Video za kughushi zinazotengenezwa kwa akili mnemba sasa zinaweza kumwonyesha jenerali akisema asichosema, au basi likiungua ambalo halijaungua. Siku moja al-Shabaab, au mwanasiasa wa hapa hapa, atarusha video ya namna hiyo saa kumi na mbili jioni kabla ya ghasia za kikabila. Ni nani atakayesema "hii ni ya uongo" na akaaminika? Wanahabari watasaidia, lakini ukaguzi wao huchukua saa nyingi. Chombo chenye satelaiti, doria, kamera za barabarani na maafisa kila tarafa ni kimoja tu. Kanusho la serikali ndiyo dawa tutakayoihitaji, na ndiyo dawa tuliyoichuja kwa maji hadi haina nguvu tena. Kila mara polisi walipokanusha jambo la kweli, walimfundisha Mkenya kulipuuza kanusho la kweli litakalokuja.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri, tumeona nyumbani. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta iliyombeba Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ilianguka Elgeyo Marakwet mchana. Jioni ile ile Rais alisimama Ikulu akataja saa ya ajali, mahali, majina ya waliokufa, na kuwa wawili wameokoka, kisha akasema wachunguzi wa Jeshi la Wanahewa wametumwa. Uvumi wa njama haukukosekana. Katika nchi yetu haukosekani mkubwa anapokufa. Lakini ulikuwa ukigombana na maelezo, haukuwa umejaza ombwe. Na Munich ile ile ya 1972 ilipopatwa na mshambuliaji katika eneo la maduka, tarehe 22 Julai 2016, polisi waliandika mtandaoni kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kituruki, wakawaomba watu wasirushe picha za askari walipo. Walisema mwanzoni kuwa huenda kuna washambuliaji watatu, na ilipojulikana ni mmoja wakasema wazi. Walikosea idadi kama sisi Westgate, ila wao walisema "huenda", nasi tulisema "tumedhibiti". Na hakuna mtambo wowote uliozimwa.

Kutokana na hayo, swali la sheria hii mpya linabadilika. Haitoshi kuuliza kama inakiuka uhuru wa kujieleza. Mahakama itajibu hilo, kama ilivyojibu Februari 2015 ilipobatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama ya 2014, kikiwemo kilichowataka wanahabari wapate ruhusa ya polisi kabla ya kutangaza habari za operesheni za kupambana na ugaidi. Kifungu cha 238 cha katiba kinaueleza usalama wa taifa kuwa ni ulinzi wa mipaka na watu pamoja na haki zao, uhuru wao na mali yao, kwa hiyo hata kwa maana ya kisheria huwezi kuziweka haki upande mmoja wa mizani na usalama upande wa pili. Kuzuia kamera wakati wa kuwaokoa mateka kunaweza kuwekewa sheria yake: eneo lililotajwa, saa zilizotajwa, jaji wa kuuliza baadaye, na wajibu wa kueleza kilichofichwa na kwa nini. Idadi ya wanajeshi waliokufa inaweza kuwekewa muda, tuseme mpaka familia zote zimefikiwa, kisha itajwe. Marufuku ya kuonyesha maandamano mubashara haiingii humo hata kidogo, wala kamati ya maafisa inayofunga tovuti kwa agizo lake.

Shambulio jingine likitokea, Mungu apishe mbali, mama mmoja wa Garissa mwenye binti chuoni atapokea ujumbe mara mbili kwa dakika moja. Wa kwanza ni wa polisi: wanafunzi wajifungie vyumbani, wasitoke, vikosi vinakuja. Wa pili ni wa ukurasa asioujua, una video, unasema polisi wanadanganya kama kawaida yao, watoto wakimbie lango la nyuma. Binti atakuwa kwenye laini akimuuliza mama afanye nini.